Hifadhi ya kijiji, makubaliano na serikali, au kaboni: kijiji chenye msitu kishike lipi?

Siku hizi wageni wanaofika kijijini kuulizia msitu ni wa aina tatu. Yuko anayekuja na ramani, akihimiza kijiji kitenge msitu wake kuwa hifadhi ya kijiji. Yuko wa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, anayetaka kijiji kiingie makubaliano ya kulinda hifadhi ya serikali iliyo jirani. Na yuko wa tatu, mgeni wa miaka ya karibuni, wa kampuni ya kaboni, yaani inayouza hesabu ya hewa ukaa iliyozuiwa kwa kutokata miti, anayesema mti ukiachwa umesimama utalipa kuliko ukikatwa. Wote wanataja mabadiliko ya tabianchi. Wote wanaomba mkutano mkuu, muhtasari na sahihi.

Nimekaa kwenye mikutano ya namna hiyo, na swali ninaloulizwa pembeni mgeni akishaondoka ni lile lile: sasa hapa tushike lipi? Naandika kwa ajili ya wajumbe wa halmashauri za vijiji, kamati za maliasili na watendaji wa Tanzania Bara wanaolazimika kulijibu swali hilo mbele ya watu wao.

Msimamo wangu nauweka mapema ili msomaji ajue nasimama wapi. Njia hizi tatu haziko ngazi moja. Ya kwanza inaamua msitu ni wa nani. Ya pili inahusu kusaidia kulinda msitu ambao si wako. Ya tatu ni biashara. Kijiji kinachoanza na biashara kabla ya kumaliza habari ya umiliki kinauza kitu ambacho hakina karatasi yake mkononi.

Kwa nini msitu wenu unatafutwa

Tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu, NAFORMA, ilionyesha kuwa Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, yaani zaidi ya nusu ya eneo lote la nchi kavu. Karibu nusu ya misitu hiyo iko kwenye ardhi ya vijiji. Halafu kuna takwimu ambayo serikali iliiwasilisha Umoja wa Mataifa kama kipimo cha kuanzia: kati ya mwaka 2002 na 2013 nchi ilikuwa inapoteza hekta 469,420 za misitu kila mwaka. Sehemu kubwa ya upotevu huo ni mashamba mapya. Mkaa, mbao na mioto kichaa vinafuata nyuma.

Sasa weka juu ya hapo ahadi. Chini ya Mkataba wa Paris wa 2015 kuhusu mabadiliko ya tabianchi, Tanzania katika mchango wake wa mwaka 2021 ilisema itapunguza uzalishaji wa gesi joto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila hatua zozote. Ahadi ya namna hiyo haitekelezeki bila misitu, na misitu haitunziki bila vijiji. Mikataba inasainiwa Paris, lakini anayeamka usiku kufuata mlio wa msumeno ni mjumbe wa kamati ya maliasili, tena mara nyingi bila buti wala posho. Kwa hiyo mgeni anapokuja, kijiji kisijione kinaombewa msaada. Kinacho kitu ambacho nchi nzima inakihitaji.

Msitu ni wa nani kwanza

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo vijiji vingi vinaporuka.

Kisheria ardhi ya Tanzania imegawanywa mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inakabidhi usimamizi wa ardhi ya kijiji kwa halmashauri ya kijiji. Ila Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka huo huo, inapoeleza ardhi ya jumla ni nini, inaingiza pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Msitu usiokuwamo kwenye mpango wowote, usio na jina wala mpaka, kwa macho ya mtu wa ofisini ni pori tupu. Bibi anachuma uyoga humo, mganga anachimba dawa, mfugaji analisha wakati wa kiangazi, lakini kwenye karatasi hakuna anayeutumia.

Dawa ya hatari hiyo ni msitu wa hifadhi wa ardhi ya kijiji, kama ulivyowekwa na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002. Kijiji kinapanga matumizi bora ya ardhi yake, kinapima msitu na kuhesabu miti kwa tathmini shirikishi, kinaandika mpango wa usimamizi, kinatunga sheria ndogo, mkutano mkuu unaridhia, halmashauri ya wilaya inapitisha, na msitu unaandikishwa. Ukishasimamiwa miaka mitatu, kijiji kinaweza kuomba utangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Tangu kuandikishwa, mwenye msitu ni kijiji, na mamlaka ya kukamata, kutoza faini, kutoa kibali na kukusanya ushuru yanakaa kijijini.

Watu wa Babati wanajua utaratibu huu ulikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, msitu wa miombo wa Duru-Haitemba ulikuwa unaelekea kufanywa hifadhi ya serikali. Wananchi walipoona mipaka inapimwa, wengi waliingia kuvuna walichoweza kabla hawajafungiwa. Halafu vijiji vikasema vinaweza kuusimamia vyenyewe. Serikali ikakubali kujaribu, mpango wa hifadhi ukawekwa kando, kila kijiji kikashika kipande chake, kikaweka walinzi na sheria zake. Ukataji ukapungua na msitu ukaanza kurudi. Uzoefu wa pale, pamoja na wa Mgori kule Singida, ndio uliofungua njia kwa Sera ya Misitu ya 1998 na sheria iliyofuata.

Siwafichi kwamba njia hii ni ndefu. Liwale, vijiji vinavyouzunguka msitu wa Angai, wenye zaidi ya hekta 130,000, vilianza safari hiyo miaka ya 1990 na vikatumia miaka mingi kufika. Katikati ya safari vijiji vikagawanywa, vya zamani vikazaa vipya, na kila kijiji kipya kikahitaji mipaka yake na karatasi zake. Kama kuna mazungumzo ya kugawa kijiji chenu, yamalizeni kabla hamjaupima msitu. Gharama ya kupima mara mbili inaua hamu ya watu.

Usimamizi wa pamoja, yaani yale makubaliano na serikali ya mgeni wa pili, ni habari nyingine. Hapo msitu tayari ni hifadhi ya taifa au ya halmashauri ya wilaya, na kijiji jirani kinaandikiana makubaliano na mwenye nao: nyinyi mtafanya doria, mtazima moto, mtatoa taarifa, sisi tutawaruhusu hiki na kile. Umiliki hauhami hata hatua moja. Makubaliano yakivunjika, msitu unabaki wa serikali na kijiji kinabaki na kumbukumbu ya doria zake.

Na kaboni? Kaboni haimpi mtu umiliki. Inamkuta mwenye nao. Mfano bora ninaoujua ni wa Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu. Mwaka 2011 walipata hati ya hakimiliki ya kimila kwa pamoja, kama kundi, kwa ardhi wanayowinda na kuchimba mizizi. Biashara ya kaboni pamoja na kampuni ya Carbon Tanzania imejengwa juu ya haki hiyo ya ardhi na mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji vyao. Mpangilio huo ndio ninaotaka kijiji chochote kiuige.

Pesa inatoka wapi, na inafika lini

Kwenye hifadhi ya kijiji, pesa inatokana na kuvuna kwa mpango. Kilwa, vijiji vinavyofanya kazi na shirika la MCDI vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, kinachomthibitishia mnunuzi kwamba msitu unasimamiwa vizuri, na kuanza kuuza mpingo na magogo mengine kutoka kwenye misitu yao kwa bei wanayoipanga wenyewe. Kabla ya hapo mnunuzi alikuwa anakata gogo kwa fedha kidogo na kijiji kinaona vumbi la lori. Mpingo ndio mti wa klarineti na filimbi za gharama duniani. Kijiji chenye mpingo na chenye hifadhi iliyoandikishwa kina la kusema mbele ya mnunuzi.

Kilosa walichukua njia ambayo wengi wanaiogopa, ya mkaa. Mashirika ya TFCG na MJUMITA, kwa ufadhili wa Uswisi, yalivisaidia vijiji kuanzia mwaka 2012 kutenga sehemu ndogo ya msitu, kiasi cha sehemu moja ya kumi, kwa ajili ya mkaa. Eneo hilo linagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, vinavyovunwa kwa kurukaruka kama ubao wa drafti, na kitalu kikishavunwa kinapumzishwa miaka 24. Visiki vinaachwa vichipue, maana miombo ina kawaida ya kurudi kutoka kwenye kisiki chake. Mchoma mkaa anapata kibali, anapanga tanuru lililoboreshwa, analipa ushuru kijijini, na ushuru huo ukajenga madarasa na kusaidia zahanati. Mimi naupenda mpango huu kwa sababu moja kubwa: haumfukuzi mchoma mkaa. Unampa sababu ya kumkamata mwenzake anayeingia bila kibali.

Lakini hata hapo kuna funzo chungu. Kanuni za uvunaji za mwaka 2019, Tangazo la Serikali Na. 417, zilileta masharti mapya ya vibali na malipo, na vijiji vilivyokuwa vimezoea kupanga bei yao viliona biashara ikidorora. Mapato ya hifadhi ya kijiji yanategemea soko la mazao na pia kalamu ya wizara. Mwenyekiti anayewaahidi watu wake fedha za mkaa mwaka huu na mwakani ajue anaahidi kwa niaba ya watu ambao hawamo mkutanoni.

Kwenye usimamizi wa pamoja, kwa miaka mingi pesa ndiyo iliyokuwa kidonda. Vijiji vilifanya doria, vikakamata misumeno, vikasubiri. Mikataba mingi ilikaa bila kusainiwa kwa sababu mgawanyo wa mapato haukuwa umeamuliwa, na hifadhi nyingi zenyewe ni za vyanzo vya maji, kama zile za Uluguru, Usambara na Udzungwa, ambako kuvuna mbao hakuruhusiwi. Kinachobaki kwa kijiji ni kuni kavu, dawa, uyoga, mizinga ya nyuki, pengine sehemu ya faini au ya ada za wageni. Usidharau hivyo vitu. Nyumba nyingi zinapikia hapo. Kubwa kuliko yote ni maji. Kijiji kilicho chini ya mlima kinaulinda mto wake, na mto haulipwi kwa cheki. Ila asije mtu akawaambia watu kwamba makubaliano haya yatajenga shule.

Kwenye kaboni fedha inaweza kuwa kubwa kuliko zote mbili. Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji 8 vinavyouzunguka msitu wa milima ya Ntakata, makazi ya sokwe, vimepokea fedha za kaboni ambazo hakuna ushuru wa mazao ungevipatia, na vimezitumia kwa zahanati, madarasa na bima ya afya. Ni jambo la kweli na la kutia moyo. Wageni wa kaboni wanalitaja kila mahali, na wana haki ya kulitaja. Wasicholieleza vizuri ni kwa nini Ntakata imelipa na kwingine huenda kusilipe.

Jinsi tani inavyohesabiwa

Wengi wanadhani wanalipwa kwa miti waliyonayo. Sivyo. Mnalipwa kwa miti ambayo ingekatwa na haikukatwa. Wataalamu wanakadiria kwanza msitu ungepotea kwa kasi gani bila mradi. Huo ndio msingi wa kulinganishia. Baada ya miaka kadhaa wanapima upotevu halisi. Tofauti kati ya viwili hivyo, ikigeuzwa kuwa tani za hewa ukaa, ndiyo inayouzwa. Krediti moja ya kaboni ni tani moja.

Kutokana na hesabu hiyo yanafuata mambo ambayo kijiji kinapaswa kuyajua kabla ya kuota ndoto. Msitu ulio mbali, ambao hakuna aliyekuwa anautishia, unauza kidogo hata ukiwa na miti minene. Msitu mdogo haulipi gharama za vipimo na uhakiki, ndiyo maana miradi inayosimama huwa ya vijiji kadhaa vilivyoungana na maelfu kwa maelfu ya hekta. Wakataji mkiwafukuza wakahamia kijiji cha pili, sehemu ya tani zenu inakatwa, kwa kuwa anga halijapata nafuu yoyote. Moto ukila msitu, kuna akiba ya tani iliyotengwa kwa ajili hiyo, na akiba hiyo haiuzwi. Na kati ya siku ya kusaini na siku ya pesa ya kwanza inapita miaka, si miezi.

Kisha kuna bei, ambayo haipangwi na yeyote aliyeko Katavi wala Dodoma. Januari 2023 magazeti ya The Guardian na Die Zeit yalichapisha uchunguzi uliodai kwamba sehemu kubwa ya krediti za misitu ya mvua zilizoidhinishwa na Verra, shirika linalothibitisha krediti za kaboni, hazikuwakilisha upungufu halisi wa hewa ukaa. Verra ilipinga, lakini wanunuzi waliingiwa na hofu na soko likapoa. Mwezi Mei mwaka huo Zimbabwe ikatangaza kwamba serikali itachukua nusu ya mapato ya kaboni. Oktoba, kampuni ya South Pole ikajitoa kwenye mradi wa Kariba huko huko Zimbabwe, uliokuwa kati ya miradi mikubwa kabisa duniani, baada ya maswali mazito kuhusu hesabu zake. Wanakijiji wa Kariba hawakukosea kitu. Msingi wa kulinganishia ulipangwa na wengine, na lawama zilipokuja, soko lilipoa kwa wote.

Sisi wenyewe tuna kumbukumbu ya karibu. Mwaka 2008 Norway iliahidi fedha nyingi kwa MKUHUMI, mpango wa kupunguza hewa ukaa itokanayo na ukataji na uharibifu wa misitu, na miradi ya majaribio ikafunguliwa sehemu mbalimbali. Soko lililotarajiwa halikufika kwa wakati, ufadhili ukaisha, baadhi ya miradi ikafungwa. Vijiji vilivyobaki na kitu ni vile ambavyo vilitumia fedha za majaribio kupata mipango ya ardhi na hifadhi zilizoandikishwa. Wengine walibaki na fulana.

Mkataba wa kaboni ukiletwa

Tangu 2022 kuna kanuni za taifa za usimamizi wa biashara ya kaboni, zilizorekebishwa 2023, chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais. Na Kituo cha Taifa cha kufuatilia kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kampuni isiyotaka kupita huko isipewe hata kiti. Mgawanyo wa mapato umewekwa kwenye kanuni hizo. Mwombeni afisa misitu wa wilaya awasomee toleo lililorekebishwa, tena mkutanoni, si ofisini kwake.

Neno la kutafuta kwanza kwenye mkataba ni asilimia ya nini. Asilimia 60 ya mapato ghafi na asilimia 60 ya kinachobaki baada ya gharama ni vitu viwili ambavyo havifanani hata kidogo, kwa sababu gharama anaziandika yule yule anayekulipa. Ikiwa ni ya kinachobaki, daini orodha ya gharama na haki ya kukagua vitabu. Ulizeni bei ambayo tani ziliuzwa itaonekana wapi, maana kijiji kisichojua bei hakiwezi kujua asilimia yake.

Muda nao. Mikataba ya kaboni huchukua miaka 20, 30, wakati mwingine zaidi. Mtoto anayebebwa mgongoni leo ndiye atakayekuwa mwenyekiti mkataba ukiisha. Kwa hiyo pawepo na kipengele cha kupitia upya masharti kila baada ya miaka michache, na mlango wa kutokea unaoeleza wazi nani anadaiwa nini akitoka mapema. Someni pia orodha ya makatazo kwa sauti, neno kwa neno: kulisha, kuchanja kuni, kurina asali, kuzika, kutambika. Nimeona watu wakipiga makofi kwa asilimia na kushtuka miezi baadaye kwamba njia ya ng'ombe kwenda majini imefungwa.

Mkataba uandikwe kwa Kiswahili na nakala ya Kiswahili iwe na nguvu ile ile ya kisheria. Mgogoro ukitokea uamuliwe hapa nchini. Na kama kampuni inataka sahihi siku hiyo hiyo kwa sababu "nafasi itapotea", iache ipotee.

Kuna jambo moja zaidi, la ngazi ya taifa, ambalo naliona halizungumzwi vya kutosha. Kwa kanuni za Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Paris, zilizokamilishwa kwa sehemu kubwa Glasgow mwaka 2021, tani ambayo nchi imeidhinisha iuzwe ili itimize ahadi ya nchi nyingine haiwezi tena kuhesabiwa na muuzaji kwenye ahadi yake. Haiwezekani kula keki ile ile mezani kwetu na kwao. Ndiyo sababu serikali inataka kuijua kila tani inayotoka, na katika hilo naiunga mkono, hata pale urasimu unapochosha.

Nani anabeba gharama

Njia zote tatu zina mtu anayeumia, na si yule yule. Hifadhi ya kijiji ikitengwa mahali ambapo vijana walitegemea kufungua mashamba, wao ndio wanaolipa. Usimamizi wa pamoja unawabebesha walinzi wa kijiji, wanaokutana na majangili wenye silaha kwa fimbo na filimbi. Kaboni inamgusa zaidi mfugaji na mwanamke mwokota kuni, kwa kuwa inahesabu kila kilichotoka msituni.

Kwa hiyo napima mpango wowote kwa jinsi fedha inavyoshuka hadi kwao. Katika majaribio ya MKUHUMI huko Kilosa na Lindi, malipo ya majaribio yalitolewa kwa wanakijiji mmoja mmoja hadharani, na mkutano wenyewe ukaamua kiasi gani kibaki kwa kazi za pamoja. Fedha ilikuwa kidogo, lakini kila mtu aliishika. Linganisha na jengo la ofisi ya kijiji lenye bati jipya, ambalo mwokota kuni hana shughuli nalo. Jengo ni zuri. Ila hatakwenda kuzima moto usiku kwa ajili yake.

Basi mchague nini

Kama msitu uko ndani ya ardhi ya kijiji na haujaandikishwa, hakuna la kuchagua: andikisheni hifadhi ya kijiji. Msikubali mazungumzo ya kaboni yatangulie, isipokuwa kampuni au shirika likubali kwa maandishi kugharimia mpango wa matumizi ya ardhi na uandikishaji, na karatasi hizo zibaki za kijiji hata mradi ukifa.

Ukiwa umeshaandikishwa na ni mdogo, tuseme hekta mia chache za kuzunguka chemchemi, uacheni na mizinga ya nyuki na doria ya kawaida. Msipoteze miaka kumsubiri mnunuzi wa tani.

Ukiwa wa miombo, mkubwa kiasi, wenye mninga, mpingo au miti ya mkaa na barabara inayopitika, mimi ningevuna kwa mpango kabla ya kufikiria kaboni. Maarifa yanabaki kijijini, wanunuzi ni wengi, na mpango ukikosewa mwaka huu unarekebishwa mwakani. Mkataba wa miaka 30 haurekebishiki hivyo.

Kaboni naiweka kwa vijiji vilivyopakana, vyenye msitu mpana uliounganika, tishio la kweli la kufyekwa, hifadhi zilizoandikishwa zote, na watu ambao wameshawahi kuendesha mapato ya pamoja bila kugombana. Hapo inaweza kufanya makubwa, kama Katavi inavyoonyesha. Hata hapo, bajeti ya kijiji isiitegemee kwa mishahara ya walinzi. Walinzi walipwe kwa chanzo kisichoyumba na soko la nje.

Na pale msitu ulipo wa serikali, usimamizi wa pamoja ndio pekee uliopo. Ingieni kwa ajili ya maji na kwa ajili ya haki ndogo ndogo za kila siku, ziandikwe moja moja na siku zake: kuni kavu Jumanne na Ijumaa, mizinga kitalu fulani, njia ya ng'ombe hapa. Msianze doria kabla mgawanyo wa faini na mapato haujasainiwa na pande zote mbili.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Kwenye unaofuata, kabla ya asilimia na kabla ya tani, ramani ya kijiji ibandikwe mbele ya watu na kila kitongoji kisimame kionyeshe kwa kidole mpaka wa msitu unapopita. Vitongoji viwili vikionyesha mahali tofauti, anzeni na hapo, hata kama mgeni anasubiri nje kwenye gari.